Jua Liko Mlangoni: Mifupa Yetu na Upungufu wa Vitamini D

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya mwaka ya hekalu, Kariakoo, Dar es Salaam

   

Ni desturi katika siku kama ya leo kuwakumbuka waasisi waliotoa ardhi, matofali na saruji, na kuwashukuru wanaoendelea kulitunza jengo hili. Tunaungana na waliotutangulia kusema katika shukrani hizo. Lakini lipo jengo jingine ambalo Kamati imetuomba tulizungumzie, nalo ni mwili wa muumini mwenyewe. Ngazi za hekalu hupandwa kwa magoti na nyonga, na mbele ya madhabahu watu huinama kwa uti wa mgongo. Mifupa ikidhoofika, hata ibada inakuwa mbali.

Sisi si madaktari. Tumekaa nyuma ya kaunta ya duka kwa zaidi ya miaka arobaini, na elimu yetu ni ya sekondari. Tutakayoyasema tumeyapata kwa kusoma, na kwa kuwauliza madaktari wanaotutibu sisi na familia zetu. Atakayeguswa na jambo lolote, amwone daktari wake kabla ya kutenda.

Tukiitazama safu ya viti vya mbele, tunaona fimbo nyingi kuliko zamani, na tunaona pia viti vitupu. Wako akina ba waliokuwa wakiongoza nyimbo za arti jioni, ambao leo hawashuki tena kutoka ghorofa ya nne. Waliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo dunia yao imekuwa chumba kimoja na dirisha. Wako akina mama wa makamo wanaolalamika kwamba mgongo, mapaja na miguu vinauma, wakipanda ngazi hushika ukuta. Tumezoea kusema ni uzee, au ni uchovu, au ni baridi ya kiyoyozi. Uzee una sehemu yake. Sehemu nyingine ni upungufu unaopimika na unaozuilika.

Ndugu wapendwa, wafanyabiashara tunaelewa habari za ghala, basi tuueleze mfupa kwa lugha hiyo. Mfupa si kitu kikavu kama mbao. Ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Takriban asilimia 99 ya madini ya kalsiamu ya mwili huhifadhiwa katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki kimo katika damu na katika nyama za mwili, nacho ndicho kinachosaidia moyo kupiga, misuli kukaza na mishipa ya fahamu kupeleka habari. Mwili hauruhusu kiasi hicho cha damu kipungue. Shingoni mna tezi nne ndogo sana ambazo ni kama makarani wa ghala. Kalsiamu ikipungua katika damu, makarani hao huandika hati ya kutoa mali, na mali hiyo hutolewa mfupani.

Vitamini D ndiyo inayofungua mlango wa kupokea mali mpya. Ikiwepo ya kutosha, utumbo hufyonza takriban asilimia 30 hadi 40 ya kalsiamu tuliyokula. Ikikosekana, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu. Mtu anaweza kunywa maziwa kila siku, na bado sehemu kubwa ya kalsiamu ikapita bila kuingia ghalani, huku makarani wakiendelea kutoa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Diwali tunayapeleka madaftari yetu mapya ya hesabu yabarikiwe. Daftari la mifupa wengi wetu hatujawahi kulifungua.

Hasara hiyo huonekana kwa sura tatu, kulingana na umri.

Kwa mtoto, mifupa inayokua hukosa madini ya kuifanya iwe migumu, ikapinda kwa uzito wa mwili. Hayo ndiyo matege. Tusiwatie hofu wazazi: watoto wengi walio chini ya miaka miwili huwa na miguu iliyojipinda kidogo, na hunyooka yenyewe. Dalili za kumpeleka mtoto kwa daktari ni vifundo vya mikono vilivyonenepa, utosi unaochelewa kufunga, vijinundu mbavuni, kuchelewa kukaa na kutembea, au miguu inayozidi kupinda badala ya kunyooka. Kwa mtoto wa kike jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa nyonga iliyoharibika utotoni huweza kuwa nyembamba mno wakati wa kujifungua atakapokuwa mama. Tuongeze kwamba si kila mguu uliopinda umetokana na vitamini. Kaskazini mwa nchi yetu, katika maeneo ya Arusha ambako maji yana floraidi nyingi, wako watoto waliopinda miguu kwa sababu ya maji hayo. Ndiyo maana tunasisitiza daktari.

Kwa mtu mzima, mifupa haipindi kwa urahisi, bali hulainika kwa ndani. Maumivu huwa mazito na yasiyo na mahali maalumu, na misuli ya mapaja hulegea hata kuinuka sakafuni kukawa kazi.

Kwa mzee, hasa mwanamke aliyekoma hedhi, ghala lililopungua kwa miaka mingi hugeuka mifupa myepesi yenye matundu. Ugonjwa huu haupigi hodi. Hauumi wala hauvimbi, na habari yake ya kwanza mara nyingi ni mvunjiko wenyewe. Ghala hujazwa utotoni na ujanani, hadi kufikia miaka thelathini hivi. Baada ya hapo tunalinda tulichoweka. Kwa hiyo maneno haya yanamhusu binti wa miaka kumi na mitano sawasawa na bibi yake.

Dunia iliujua ugonjwa huu kabla ya kuijua sababu yake. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, watoto walioishi katika vichochoro vyenye moshi walipinda miguu kwa wingi. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari mmisionari aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba matege hufuata ukosefu wa jua. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa London alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba chakula nacho kina sehemu, na kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya chewa huzuia matege. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto mjini Berlin kwa taa yenye mionzi kama ya jua. Baadaye ikafahamika kwamba jua na mafuta hayo hutoa kitu kilekile kimoja.

Habari hizo za mbali zinatufikia sisi kwa njia ya jamaa zetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki, zilihamia Uingereza. Huko madaktari walianza kuona tena matege kwa watoto na kulainika kwa mifupa kwa akina mama, ugonjwa waliodhani wameuzika. Mjini Glasgow ilianzishwa kampeni ya kugawa vitamini D bure kwa watoto wa jamii hizo, na tathmini iliyochapishwa mwaka 1985 ilionyesha kwamba matege yalipungua sana. Kule London, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwataja hasa Waasia wasiokula nyama kuwa katika hatari kubwa zaidi. Wengi wetu tulisema, hayo ni mambo ya nchi za baridi, ambako jua ni mgeni. Kwetu jua ni mwenyeji.

Je, ni kweli? Tuitazame Tanzania yenyewe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe, watu waishio nje mchana kutwa. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi husema nanomoli 50 zinatosha, na chini ya 30 ni upungufu ulio wazi. Kwa hiyo jua la Tanzania lina uwezo wote tunaouhitaji. Lakini utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wajawazito waishio na virusi vya UKIMWI jijini humu Dar es Salaam, na takriban wanne katika kila kumi walikuwa chini ya kiwango kilichotumiwa na watafiti hao, yaani nanomoli 80 hivi kwa lita. Na mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wenye matege katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi, ambako nyumba zimesongamana. Jua ni lilelile. Kinachotofautiana ni muda ambao ngozi inaliona.

Sasa tuitazame Kariakoo yetu. Wazee wetu waliishi katika nyumba za chini zenye baraza mbele na ua nyuma. Nafaka zilipepetwa uani, nguo zilifuliwa uani, watoto walicheza uani. Kwenye nyumba zetu akina ba walipanda darini na papadi, achari na pilipili za kuanika, wakakaa huko asubuhi nzima wakifukuza kunguru. Hawakujua neno vitamini, ila mikono yao ilipata jua. Leo papadi inakuja ndani ya pakiti. Ua umekuwa ghorofa, na ghorofa moja inaitia kivuli nyingine, hata vichochoro vya Msimbazi na Kongo huona jua kwa muda mfupi tu. Tunafungua duka asubuhi na kulifunga jioni, tumekaa chini ya taa. Tunasafiri ndani ya gari. Akina mama wako ndani ya fleti yenye vioo na nondo. Ieleweke kwamba jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D, kwa sababu kioo huzuia mionzi ile inayohitajika.

Wala jambo hili si la Wahindi peke yao. Fundi cherehani wa chumba cha ndani, mtunza stoo, mlinzi wa usiku anayelala mchana, dada wa kazi asiyetoka nje, jirani yetu anayejisitiri kwa buibui, mtoto mchanga anayefichwa asipigwe na upepo: wote wako katika daftari hilihili. Na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu tutagusa desturi. Wengi tumefundishwa kwamba jua zuri ni lile la alfajiri. Mila yetu ya kulitolea maji jua linapochomoza ni ibada njema, na tuiendeleze kama ibada. Majirani zetu nao huwatoa watoto wachanga saa moja asubuhi. Lakini jua likiwa chini, mionzi inayotengeneza vitamini D hupita katika hewa nyingi mno na karibu yote hupotea njiani. Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, unapata mwanga na joto, lakini vitamini ni haba. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ngozi inafanya kazi. Hapa Dar es Salaam hali hiyo huanza kati ya saa tatu na nusu na saa nne asubuhi, ikichelewa kidogo katika miezi ya Juni na Julai. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana hutupita utosini kabisa. Hatuna msimu wa kulikosa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, robo saa hadi nusu saa, mikono na miguu ikiwa wazi, mara chache kwa wiki, huwasaidia wengi. Si lazima kuungua. Ngozi ikianza kuuma, muda umepita. Watoto wachanga wasianikwe katika jua kali. Kwao matone ya vitamini, kwa ushauri wa kliniki, ni njia salama zaidi. Na ndugu zetu wenye ualbino wasilifuate kabisa shauri hili la jua. Kwao jua ni hatari ya saratani ya ngozi, nao wapate vitamini kwa chakula na dawa.

Jua peke yake halitoshi, kwa maana mlango ukifunguliwa lazima pawepo mzigo wa kuingiza. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto wenye matege ambao tatizo lao kubwa lilikuwa uhaba wa kalsiamu katika chakula, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji 1200. Glasi ya maziwa ina kama 300. Sisi tusiokula nyama wala samaki tunayo maziwa, mtindi, chaas na paneer. Tena tunayo nafaka ambayo wazee wetu waliijua huko Gujarat kwa jina la nagli, nayo imejaa tele sokoni kwetu: wimbi. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa ni chakula cha mtoto, cha mjamzito na cha mzee. Ufuta nao una kalsiamu nyingi. Majirani wanaokula samaki wana dagaa, wanaoliwa na mifupa yao, na hakuna duka la dawa linalouza kilicho bora zaidi kwa bei hiyo.

Chapati na dengu vina kitu kiitwacho faiteti, ambacho hushikilia kalsiamu isifyonzwe. Hatusemi tuache chapati. Tunasema kuloweka dengu, kuumua unga na kunywa mtindi pamoja na chakula hupunguza hasara hiyo. Chai isichukue nafasi ya maziwa, na chumvi ya achari ipunguzwe, kwa kuwa chumvi nyingi huifanya figo kumwaga kalsiamu.

Kuhusu vidonge, wazee na wasioweza kutoka nje mara nyingi huvihitaji. Kiasi cha kawaida ni uniti 600 kwa siku kwa mtu mzima, uniti 800 kwa aliyepita miaka 70, na uniti 400 kwa mtoto mchanga. Waumini wetu wengi huuliza kama vidonge hivyo vinakubalika kwa asiyekula nyama. Vitamini D3 kwa kawaida hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, ambaye hachinjwi kwa ajili hiyo, au hutokana na samaki. Iko pia ya kuvumwani. Vitamini D2 hutokana na hamira au uyoga. Ganda la kapsuli nyingi ni jelatini ya mnyama, kwa hiyo soma lebo, au omba matone au kidonge kisicho na ganda. Tunaonya dhidi ya desturi ya kununua ampuli zenye uniti laki kadhaa na kunywa au kuchomwa bila kupimwa. Vitamini hii haitoki mwilini upesi. Ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu na kuumiza figo.

Basi, tunalipendekezea hekalu mambo manne.

Kwanza, ua wa hekalu uwekewe mabenchi mahali penye jua, na baraza la wazee lisogezwe kutoka jioni hadi saa nne asubuhi, siku tatu kwa wiki. Lango liwe wazi kwa majirani wa dini zote, na siku moja itengwe kwa akina mama peke yao, ili anayejisitiri aweze kukunja mikono bila wasiwasi.

Pili, kila mwenye duka apange zamu. Karani, mpakiaji na sisi wenyewe tutoke nje kwa zamu robo saa kabla ya adhuhuri. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko hatua chache tu. Duka halitafilisika kwa robo saa.

Tatu, jiko la prasad litoe uji wa wimbi au chaas angalau mara moja kwa wiki, na watoto wa darasa la Jumapili wawe wa kwanza kuhudumiwa.

Nne, Kamati iwaalike madaktari na wataalamu wa mazoezi ya viungo kufundisha namna ya kuzuia kuanguka: kushikiza vyuma vya kushikilia bafuni, kuondoa mazulia yanayoteleza, kuwasha taa ya ngazi, na kumpima macho mzee. Aliyeanguka na kuumia apelekwe hospitali mapema. Tunayo hapa mjini Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Asibaki nyumbani akikandwa kwa mafuta huku nyonga imevunjika.

Gharama ya haya yote ni mabenchi machache, magunia ya wimbi na nidhamu ya saa. Gharama ya kutoyafanya tunaijua: upasuaji, mkopo wa familia, binti anayeacha kazi ili amuuguze mama yake, na kiti kitupu katika safu ya mbele. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mfupa hauna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa.